Barua kwa Mhariri: Kati ya kidole na spika kuna kazi mmeiruka

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyoeleza jinsi simu ya mkononi inavyoweza kuendesha muziki kwenye kompyuta kwa kupitia Wi-Fi. Kwanza hongereni, maana mmeitaja Pure Data kwa jina na mmeieleza kwa Kiswahili, na hiyo ni programu ya kutengeneza sauti na muziki ambayo magazeti yetu huwa hayaigusi kabisa. Ila kuna sentensi moja pale inasema ukishaunganisha simu na kompyuta basi ukisogeza kidole sauti inafuata, na hiyo sentensi ndo imenifanya nikae niandike, kwa sababu mimi ni fundi sauti na vijana wanaosoma vitu kama hivo wanakuja kwangu, wamejaribu, kidole kimesogea na sauti haijafuata, alafu wanaamini laptopu yao ni mbovu au wao hawana kichwa cha mambo haya. Wanaacha. Kumbe hawajaharibu chochote, ni kwamba katikati ya kidole na spika kuna kazi ambayo hakuna aliyewaambia kuwa ipo.

Kazi yenyewe ni kuchambua data. Kinachofika kwenye kompyuta kutoka kwenye mtandao sio sauti na wala sio thamani iliyokaa tayari kutumika, ni baiti, yaani namba ndogondogo za kuanzia 0 mpaka 255 zimejipanga mstari mmoja, na ni juu yako kuamua hapa jina limeanzia, hapa limeishia, hizi nne ndo thamani, hizi zingine ni za kujazia nafasi tu. Usipoamua wewe hakuna wa kukuamulia.

Kwa wasioijua Pure Data niseme kidogo. Badala ya kuandika mistari ya maelekezo, unachora. Unaweka vijiboksi kwenye skrini unaviunganisha kwa waya, kimoja kinatoa wimbi, kingine kinapunguza nguvu, cha mwisho kinapeleka kwenye spika, na mchoro mzima tunauita pachi. Aliyeiandika ni Miller Puckette, Mmarekani, ambaye miaka ya 1980 akiwa IRCAM, taasisi ya utafiti wa muziki kule Paris, alianzisha programu inayoitwa Max, jina la kumuenzi Max Mathews aliyeifanya kompyuta icheze muziki kwenye maabara za Bell mwaka 1957. Max ikaja kuwa bidhaa ya kuuzwa, na mwaka 1996 Puckette akiwa Chuo Kikuu cha California kule San Diego akatoa Pure Data, ya bure, na msimbo wake uko wazi mpaka leo kwa anayetaka kuusoma. Inakaa kwenye Windows, Mac, Linux, hata kwenye Raspberry Pi, kale kakompyuta kadogo, na laptopu kuukuu inaiweza bila shida.

Sasa mfano ninaowapa vijana. Simu inawekewa programu ya kutuma OSC, zipo za kutosha. OSC ni utaratibu wa kusafirisha ujumbe wa muziki kwenye mtandao, uliotolewa na Matt Wright na Adrian Freed wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1997. Kwenye simu unatengeneza kitelezi unakipa jina /sauti, unakisogeza mpaka katikati, simu inatuma 0.5. Kichwani mwako umetuma "sauti 0.5". Kilichofika kwenye kompyuta ni hiki hapa:

47 115 97 117 116 105 0 0 44 102 0 0 63 0 0 0

Baiti 16. Naomba msomaji asizikimbie hizi namba, azitazame taratibu, maana kila moja ina sababu ya kuwepo. 47 ni mkwaju, ile alama ya mwanzo wa anwani. 115 ni s, 97 ni a, 117 ni u, 116 ni t, 105 ni i. Alafu sifuri mbili. Sifuri ya kwanza inasema jina limeishia hapa, ya pili ni ya kujazia, kwa sababu OSC inataka kila kipande kiwe na urefu unaogawanyika kwa 4. Baada ya hapo 44 ambayo ni koma, na 102 ambayo ni herufi f, maana yake kinachokuja ni namba yenye desimali, na sifuri mbili tena za kufikisha nne. Mwisho kabisa 63 0 0 0, hiyo ndo 0.5 yako imeandikwa kwa mtindo wa kompyuta, biti 32, yaani hizo baiti nne, baiti yenye uzito mkubwa ikitangulia. Ukipandisha kitelezi mpaka 0.75 zile nne za mwisho zinakuwa 63 64 0 0 na kingine chote kinabaki vilevile. Kijana akiliona hilo kwa macho yake, akisogeza kidole huku anaona zile namba za mwisho tu zinabadilika kwenye skrini, hapo ndo anakuwa ameingia kwenye kazi.

Na wale sifuri za kujazia wanaangusha watu. Ukiita kitelezi /kinanda umepata herufi 8 ukijumlisha na mkwaju, inagawanyika kwa 4 vizuri kabisa, kwahiyo mtu anadhani hakuna haja ya sifuri. Ipo haja, tena nne, kwa sababu jina lazima liishie na sifuri angalau moja na ukiongeza moja umefika 9 inabidi ujaze mpaka 12. Anayetengeneza kifaa chake mwenyewe cha kutuma OSC akilisahau hilo, /sauti yake itafanya kazi na /kinanda itakataa, na atatafuta kosa kwenye Wi-Fi wiki nzima wakati kosa liko kwenye kuhesabu.

Ndani ya Pure Data yenyewe njia ni fupi ukiijua. Unaweka kijiboksi cha netreceive unakiandikia -u kwa ajili ya UDP, ambayo ni njia ya kutuma data kwa vifurushi vinavyoitwa pakiti, -b kwa ajili ya baiti, na namba ya poti, yaani mlango wa kupokelea, tuseme 9000. Ukisahau ile -b kitajaribu kusoma baiti kama maandishi na hutapata cha maana. Kinachotoka unakipeleka kwenye oscparse, kijiboksi cha kuchambua OSC, kinatoka kimekuwa neno sauti na namba 0.5, unapitisha kwenye list trim ili liondoke lile neno list la mbele, alafu route sauti, na hapo chini ya route ndo unapata 0.5 yako safi. Vijiboksi vinne. Simu na laptopu vikae kwenye hotspoti moja, kwenye simu uandike anwani ya laptopu, na Windows ikiuliza kama iiruhusu Pure Data kupokea kutoka kwenye mtandao uikubalie. Jumbe hizi hazitumii bando hata kidogo kwa sababu hazitoki nje ya chumba, na hili nalo mngeliandika maana wazazi wengi wakisikia Wi-Fi wanawaza hela.

Mtu anaweza kusema basi kama oscparse ipo tatizo liko wapi, si wafundishwe hivo vijiboksi vinne yaishe. Tatizo ni kwamba vifaa vingi havijui OSC. Sensa ya joto, kipima mvua, kale kabodi ka ESP32 ambako vijana wa elektroniki wanakapenda, vingi vinatuma maandishi ya kawaida kwa TCP, njia nyingine ya kutuma data, kama "joto 27.5" na alama ya kushuka mstari. Na hapa ndo utamu na uchungu wa kazi hii ulipo.

UDP inakuja kwa pakiti, kilichotumwa pamoja kinafika pamoja au hakifiki kabisa. TCP haiko hivo. TCP ni kama maji ya bomba, yanafika yote na kwa mpangilio, ila hayana sehemu ya kukatia, wewe ndo uje na ndoo. Kifaa kimetuma "joto 27.5", kwako inaweza kufika "joto 2" na baadae kidogo "7.5", au zikafika jumbe mbili na nusu kwa mkupuo. Ukiwa umefunga sauti yako moja kwa moja kwenye kinachofika, sauti inaporomoka kwenda 2, kitu hakieleweki, alafu inaruka. Sensa ni nzima, waya ni mzima, ila aliyepokea hajakusanya.

Dawa yake ni kukusanya baiti moja moja mpaka uone 10, ambayo ndo alama ya kushuka mstari, hapo ndo unasema mstari umetimia, unautoa wote kwa pamoja na unaanza kukusanya upya. Kwenye pachi ni kijiboksi cha select 10 pembeni cha kuitambua hiyo 10, na list store ya kutunzia, na trigger ya kupanga nani atangulie, maana Pure Data inatoa vitu kutoka kulia kwenda kushoto na ukikosea mpangilio utasafisha ndoo kabla hujaimwaga. Vifaa vingine vinatuma 13 kabla ya 10, hiyo 13 usiiache ikaganda mwishoni mwa namba yako, itoe. Pure Data nayo ina utaratibu wake wa maandishi unaoitwa FUDI ambapo ujumbe unaisha kwa nukta mkato, yaani 59, kwahiyo ukiwa na uwezo wa kubadilisha kifaa chenyewe kiambie tu kitume "joto 27.5;" na netreceive ya kawaida bila -b itasoma yenyewe. Huo ndo ushauri wangu kwa mwenye haraka.

Ila kwa anayejifunza nasema asome tarakimu kwa mkono angalau mara moja. 27.5 inafika kama 50 55 46 53. Tarakimu 0 mpaka 9 zinakaa kwenye 48 mpaka 57, kwahiyo toa 48 kwenye kila moja: 50 inakuwa 2, 55 inakuwa 7. Chukua 2 zidisha kwa 10 ongeza 7 umepata 27. Ile 46 ni nukta, kuanzia hapo huzidishi tena kwa 10, unagawanya, 53 inakuwa 5, gawanya kwa 10 ni 0.5, jumlisha, 27.5. Hii ni hesabu ya shule ya msingi Mhariri. Nimeona msichana aliyeacha shule kidato cha pili akiijenga kwa vijiboksi mbele yangu, na ilipofika mahali namba ya kwenye skrini ikalingana na namba ya kwenye sensa hakusema kitu, alipuliza ile sensa kwa pumzi ya mdomo na sauti ikapanda, akapuliza tena.

Kuna mitego mingine nitaitaja kwa sababu sijawahi kuiona imeandikwa kwa Kiswahili popote. Wa kwanza ni wa maneno. Kila neno jipya linaloingia Pure Data linahifadhiwa kwenye kumbukumbu na halitoki mpaka uifunge programu. Kwa pachi ya kawaida haina shida, maneno ni yaleyale. Lkn ukipokea kifaa kinachotuma tarehe na saa kama neno, mfano siku na dakika na sekunde vimeungana, kila sekunde ni neno jipya, kwa siku nzima ni maneno 86,400, na kama ni maonyesho yanayokaa mwezi mzima bila kuzimwa kompyuta inajaa polepole na hakuna anayejua kwanini. Kwahiyo saa ikate ukiwa bado una baiti, chukua namba unazozihitaji, usiigeuze kuwa neno.

Wa pili ni wa namba kubwa. Toleo la kawaida la Pure Data linatunza namba kwa biti 32 zenye desimali, na hizo zinashika namba nzima kwa usahihi mpaka 16,777,216, ukizidi hapo zinaanza kuruka. Sasa vifaa vingi vinatuma muda kwa kuhesabu sekunde tangu mwaka 1970, ambazo sa hivi zimeshapita 1,700,000,000, na kwenye ukubwa huo namba zinaruka kwa hatua ya 128. Yaani saa yako inasimama zaidi ya dakika mbili alafu inaruka. Ukiwa unapanga mapigo kwa kutumia huo muda umeumia. Gawanya ile namba ingali kwenye baiti, beba zile za chini tu, zinatosha.

Na koma. Ndani ya Pure Data koma ina kazi yake, inakata ujumbe vipande viwili, kwahiyo data yenye koma ikiingia kama maandishi inakuja imekatwakatwa. Ipokee kwa -b kama baiti, koma utaiona kama 44, uamue mwenyewe uifanye nini.

Kuhusu UDP kupoteza pakiti watu wanaogopa kupita kiasi, kwenye hotspoti ya chumbani inapotea mara chache, ila ikipotea ile ya kuzima noti utabaki na noti inalia mpaka asubuhi. Kwahiyo usitume "badilisha", tuma hali yenyewe ilivyo, 1 imewaka au 0 imezimwa, na uirudie rudie. Pakiti moja ikipotea inayofuata inasahihisha.

Jambo ambalo ningewaomba mliandike hata kama mtaacha mengine yote ni usalama wa masikio. Poti ikishakuwa wazi, yeyote aliye kwenye Wi-Fi hiyo anaweza kutuma kitu, na hata bila mtu mbaya, ukikosea tu kukata baiti unaweza kujikuta una 500 mahali ulipotarajia 0.5, na hiyo ikienda moja kwa moja kwenye nguvu ya sauti spika zinakufa na aliyevaa hedifoni anaumia kweli. Weka clip 0 1, kijiboksi kinachozuia namba isishuke chini ya 0 wala kuzidi 1, kabla ya kitu chochote kinachogusa spika. Kila mara. Baada yake weka line~, kijiboksi kinachopeleka thamani polepole badala ya kuiruka, ya milisekunde 20 hivi, kwa sababu simu inatuma kwa kudonoa wakati sauti inatengenezwa mfululizo, Pure Data inapiga hesabu kwa mafungu ya sampuli 64, yaani vipimo vidogo vya sauti, ambayo ni kama milisekunde 1.45 kwenye kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, na thamani ikiruka ghafla utasikia mikwaruzo kila ukisogeza kidole.

Kwanini nang'ang'ania hivi vitu vya ndani? Kwa sababu hii kazi ya kukata baiti ndo ileile inayofanyika kwenye mita za umeme, kwenye mashine za malipo, kwenye vifaa vya hospitali, kila kitu kinachoongea kwenye mtandao kuna mtu alikaa akaamua jina linaanzia wapi na namba inaishia wapi. Ukimfundisha kijana kwa kutumia mashine za malipo atasinzia, na kosa lake ataliona kama mstari mwekundu kwenye skrini asiouelewa. Kwenye Pure Data kosa lake analisikia. Kipande kilichokatwa vibaya kinasikika kama mruko, pakiti iliyopotea inasikika kama noti iliyoganda, saa inayoruka inasikika kama pigo lililochelewa. Dar es Salaam hii ina vijana wa singeli wanaosikia pigo likichelewa kwa kiasi ambacho wewe na mimi hatukisikii, wana masikio, wana laptopu, na programu ni ya bure. Kinachokosekana ni maelezo yasiyoruka katikati.

Kwahiyo ombi langu Mhariri ni dogo. Mkiandika tena juu ya mambo haya msiishie kwenye "unaunganisha". Chapeni zile baiti 16 za /sauti kama zilivyo na maana ya kila moja chini yake, zinaenea kwenye safu moja ya gazeti, na pembeni mchoro wa vijiboksi vinne. Msomaji mwenye laptopu atajaribu jioni hiyohiyo. Kama nafasi ipo niko tayari kuwaletea pachi zenyewe zimechapwa kwenye karatasi, ya OSC, ya kukusanya mpaka 10, na ya kusoma tarakimu, kila kijiboksi kina maelezo yake kwa Kiswahili, mzitumie bure.

Wasalaam,

Fundi sauti
Mbagala, Dar es Salaam